Fluoksetini, tramadoli na serotonini iliyozidi: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka Pemba

Kwa nini kisa hiki kinafaa kusomwa

Mwanamme wa umri wa makamo alifikishwa hospitali kisiwani Pemba akiwa na joto kali, jasho, kuhara na miguu isiyotulia, siku chache baada ya kuanguka kutoka juu ya mkarafuu. Kabla ya hapo maradhi yake yalikuwa yamekwisha kupewa majina matatu: malaria, pepopunda na shetani. Kilichokuwa kikimsumbua kwa kweli ni serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya neva, iliyozidi katika mfumo wake wa neva, na iliyoizidisha ni dawa alizozimeza kwa nia njema, kila moja kwa sababu yake. Jina lake, shehia yake, mwaka na vituo alivyopitia havitajwi, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili asitambulike.

Wanaotibu Zanzibar wanahitaji kukijua kisa cha namna hii kwa sababu dawa zinazokisababisha si dawa za nadra. Fluoksetini na amitriptilini ni dawa za kawaida katika kliniki za afya ya akili, tramadoli hutolewa kwa kila aina ya maumivu, na dawa za kikohozi zenye dekstrometofani hupatikana madukani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja anayeziona zote kwa pamoja.

Mgonjwa na hali yake ya nyuma

Mgonjwa alikuwa mchuma karafuu, mwenye mke na watoto, asiye na sukari wala shinikizo la damu, asiyevuta sigara wala kutumia kileo. Mwaka mmoja kabla ya tukio alifiwa na watu wawili wa karibu katika kipindi kifupi, na baada ya hapo usingizi ukamtoka, chakula kikamshinda, akaacha kukaa barazani na wenziwe. Kliniki ya afya ya akili ikagundua sonona na kumwanzishia fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi. Alipata nafuu, ingawa si kamili, na wiki sita kabla ya kuanguka kiwango kilipandishwa hadi miligramu 40. Mkewe alieleza baadaye kwamba ule ndio wakati aliomwona mumewe amerudi kuwa mtu wake: analala, anakwenda msikitini alfajiri, anacheka na watoto.

Jambo moja linahitaji kutajwa mapema kwa sababu kisa kizima kimelizunguka. Dawa zile zilikuwa siri. Aliziweka chini kabisa ya mkoba wa ukili uliotundikwa nyuma ya mlango, zimefungwa ndani ya kitambaa, na mkewe peke yake ndiye aliyejua. Kadi ya kliniki ya akili ilikuwa mbali na daftari analokwenda nalo kituoni anapoumwa homa au tumbo, na hakuna mstari hata mmoja katika daftari hilo uliotaja fluoksetini.

Mtiririko wa matukio

Matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika, na kila msimu wa uchumaji huwa na majeruhi wake. Huyu aliangukia ubavu wa kulia. Katika kituo cha karibu jeraha dogo la mguuni lilisafishwa, akachomwa sindano ya kinga ya pepopunda, akapewa dawa za maumivu, diklofenaki na parasetamoli. Aliulizwa kama ana maradhi yoyote ya kudumu akajibu kuwa hana presha wala sukari, jibu ambalo lilikuwa la kweli. Hakuulizwa kama kuna dawa anayoimeza kila siku.

Siku ya tatu maumivu yalikuwa bado yanamzuia kuvuta pumzi, na kituo kikamwongezea tramadoli miligramu 50 mara tatu kwa siku. Haikumsaidia. Hapo ndipo alipoanza kujiongezea mwenyewe, kwa vidonge vya kununua, hadi kufikia siku ya tano alikuwa akimeza miligramu 100 mara nne kwa siku, yaani miligramu 400, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa mtu mzima. Siku hiyohiyo alianza kikohozi kikavu, na kwa kuwa kila akikohoa mbavu zilimchoma, duka la dawa lilimuuzia maji ya kikohozi yenye dekstrometofani.

Jioni ya siku ya sita alianza kuhara na kutokwa na jasho hadi shuka ikalowa. Hakuweza kukaa wala kulala. Miguu ilikuwa ikirukaruka yenyewe kitandani. Usiku wa manane akaanza kusema maneno yasiyoungana na kuwaita watu waliokwisha kufa. Jirani mmoja alikumbuka jeraha la mguuni akasema ni pepopunda. Wengine walisema amepandwa na shetani, na mwalimu akaitwa kuja kusoma. Mwalimu huyo alimsomea, kisha akaweka mkono wake kifuani mwa mgonjwa na kuwaambia wenyeji kwamba mwili huu unaungua, kisomo kitaendelea lakini mtu apelekwe hospitali kukicha. Ushauri ule ulikuwa bora kuliko mambo kadhaa yaliyofuata.

Asubuhi alipelekwa kituo kingine. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Kwa ajili ya kutapika alichomwa metoklopramidi, na kwa ajili ya mbavu akachomwa tramadoli miligramu 100. Haikupita saa moja hali ikabadilika kwa haraka: joto likapanda, misuli ya miguu ikakaza, akawa anapigana na waliomshika. Alifungwa mikono kwa kanga ili asianguke kitandani, na gari ya wagonjwa ikaitwa.

Alivyoonekana alipofika

Alipokewa kiasi cha saa 4 asubuhi. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 39.4, mapigo ya moyo 138 kwa dakika, shinikizo la damu 168 juu ya 98, na pumzi 28 kwa dakika. Sukari ya damu ilikuwa ya kawaida. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka, na macho yenyewe yalikuwa yakicheza upande kwa upande kila alipojaribu kumtazama mtu. Ngozi ilikuwa imelowa chepechepe, na tumbo likisikika likinguruma hata kabla ya stetoskopu kuwekwa sawasawa.

Taya ilifunguka yote bila taabu. Shingo ilikunjika hadi kidevu kikagusa kifua, ingawa alikataa kushikwa. Mambo haya mawili yalipunguza sana hofu ya pepopunda na ya homa ya uti wa mgongo, lakini hayakuiondoa hiyo ya pili moja kwa moja.

Kilichoamua kisa kilikuwa miguuni. Muuguzi aliyekuwa akimbadilisha shuka aliona kwamba kila nyayo ya mgonjwa ilipoegemea kiuno chake, mguu ulipigapiga wenyewe bila kukoma. Tabibu akaurudia mtihani huo kwa makusudi: goti likakunjwa kidogo, nyayo ikasukumwa juu kwa ghafla na kuzuiwa hapo. Mguu ulipiga, ukapiga tena, na ukaendelea kupiga kwa muda wote ambao mkono ulibaki pale. Hali hii huitwa klonasi. Magoti yaliitikia kigongo kwa kuruka, ilhali mikono iliitikia kwa kiasi kidogo zaidi. Miguu kuzidi mikono kwa namna hii ni alama ya serotonini ambayo mtu akiiona mara moja haisahau.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kila dawa ya maumivu na ya kutapika hadi ijulikane mgonjwa amemeza nini. Uamuzi huu unaonekana mwepesi, lakini mtu anayelia kwa mbavu huwashawishi watu kumwongeza dawa.

Wa pili ulikuwa kuuliza upya. Muuguzi mkuu wa zamu alimchukua mke pembeni, mbali na mashemeji waliojaa mlangoni, akamwambia: “Dada yangu, sikuulizi ili nikuaibishe. Niambie kila anachokimeza, hata kama ni kombe, hata kama ni dawa ya mtoto.” Mke alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna dawa za kule kliniki ya akili, na kwamba mwenyewe hataki watu wajue. Aliahidiwa kwamba halitatamkwa mbele ya mtu yeyote, na ahadi hiyo ilitimizwa. Kijana mmoja akatumwa kuuleta mkoba wote kama ulivyo, bila kuambiwa kwa nini. Ndani yake zilipatikana fluoksetini, tramadoli za aina mbili za pakiti na chupa ya kikohozi iliyobaki robo.

Baada ya hapo utambuzi ulikuwa na mashiko. Vigezo vinavyotumika zaidi duniani ni vile vya Hunter, vilivyochapishwa mwaka 2003 kutokana na kazi iliyofanyika Australia. Vinahitaji mtu awe ametumia dawa inayogusa serotonini, kisha awe na angalau kundi moja la dalili, na karibu makundi yote yameegemea klonasi: inayotokea yenyewe, inayotokea kwa kusukumwa pamoja na mahangaiko au jasho, au ya macho pamoja na hayohayo. Kutetemeka pamoja na mwitiko mkali wa viungo pia kunatosha. Mgonjwa huyu alitimiza zaidi ya kundi moja. Uzuri wa vigezo hivi kwa hospitali ya wilaya ni kwamba havihitaji maabara. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha hali hii popote duniani. Kinachohitajika ni mkono wa tabibu chini ya nyayo ya mgonjwa.

Uamuzi wa tatu ulileta mvutano. Mgonjwa alikuwa akipiga mateke, na mmoja wa wahudumu alitaka kumtuliza kwa kloropromazini, nyingine iliyofikiriwa ikiwa haloperidoli, kwa kuwa ndizo zilizozoeleka kwa mtu aliyechafukwa akili. Zote mbili zilikataliwa. Kloropromazini inaweza kuangusha shinikizo la damu na kumsogeza mgonjwa karibu na degedege, hatari ambayo tramadoli ilikwisha kuileta, na dawa za kundi hilo huuzuia mwili kupunguza joto. Zaidi ya hayo, dawa za kundi hilo zina homa yao yenyewe, inayokuja na ukakamavu wa mwili mzima na ububu, na kuchanganya homa hizo mbili kwa mtu mmoja ni kujifungia njia ya kufikiri. Badala yake alipewa diazepamu miligramu 10 kwa mshipa, polepole, ikarudiwa mara mbili hadi misuli ikalegea. Kanga zilizomfunga mikono zilifunguliwa mara tu dawa ilipoanza kufanya kazi, kwa sababu mtu anayepigana na kamba huzalisha joto zaidi kwa misuli yake.

Joto hilo lenyewe lilishughulikiwa kwa maji na feni. Parasetamoli haikutegemewa. Homa ya maambukizi hutokana na ubongo kupandisha kipimo chake cha joto, na hapo ndipo parasetamoli inapofanya kazi; joto la serotonini hutoka kwenye misuli inayochemka bila kupumzika, na dawa yake ni kuilegeza misuli. Maji ya dripu yalitiririshwa kwa ukarimu, na rangi ya mkojo ikaangaliwa kila saa, kwani kipimo cha damu cha kuvunjika kwa misuli hakikuwepo na mkojo wa rangi ya chai ndio ungekuwa onyo.

Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, gramu 2 ilitolewa pia. Wengine wataona kwamba haikuwa na lazima. Lakini mtu mwenye homa na kuweweseka hawezi kunyimwa kinga dhidi ya homa ya uti wa mgongo kwa sababu tu daktari amevutiwa na maelezo mengine, na kumchoma sindano ya mgongoni mgonjwa anayeruka ni hatari. Sindano hiyo iliahirishwa hadi asubuhi ya pili. Maji yalitoka meupe, hayakuwa na seli za maambukizi, na seftriaksoni ikasimamishwa.

Hatimaye ilitafutwa siproheptadini. Haikuwemo katika stoo ya hospitali. Ni dawa ya zamani ya mzio, na watu wengi wanaijua kama dawa ya kumtia mtoto hamu ya kula. Ilipatikana katika duka la dawa mjini, vidonge vya miligramu 4. Vitatu vilisagwa, vikakorogwa kwa maji kidogo na kunywewa kwa kijiko, yaani miligramu 12 za kuanzia, kisha nusu kidonge kila baada ya saa mbili hadi dalili zilipopungua, na baada ya hapo miligramu 8 kila saa sita.

Matokeo

Kufikia alasiri joto lilikuwa nyuzi 37.9 na mapigo ya moyo yameshuka chini ya 110. Magharibi alimtambua mkewe na kuomba maji. Klonasi ilibaki hadi siku ya tatu, ikipungua kila siku. Mkojo haukubadilika rangi, na kipimo cha figo kilibaki sawa. Alitoka siku ya tano akitembea, mbavu zikiwa bado zinauma, akiwa na parasetamoli peke yake.

Fluoksetini ilisitishwa kwa wiki mbili. Kuianzisha tena hakukuwa kwepesi. Mgonjwa alikuwa amekwisha kuamini kwamba kilichomwangusha ni dawa ya akili, na kwa muda alikataa hata kuiona. Katika wiki ya tatu usingizi ulianza kumtoka tena. Muuguzi wa afya ya akili alikaa naye pamoja na mkewe, akamweleza kwamba fluoksetini ilikuwa imemtumikia miezi mingi bila shari, na kwamba shari ilianza siku ilipokutana na tramadoli. Alikubali kurudi kwenye miligramu 20. Taarifa ya madhara ya dawa ilijazwa na kupelekwa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Uchambuzi

Serotonini na vipokezi vyake

Serotonini huzungumzwa sana kama “kemikali ya furaha”, na kisa hiki kinaonyesha jinsi usemi huo unavyopotosha. Mtu aliyejaa serotonini hakuwa na furaha, alikuwa anaungua. Sehemu kubwa mno ya serotonini ya mwili, zaidi ya asilimia 90, imo tumboni na si kichwani. Mtaliano Vittorio Erspamer aliigundua katika utumbo miaka ya 1930 na kuiita enteramini. Mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, waliokuwa Cleveland, Marekani, waliitenga kutoka kwenye damu kama kitu kinachobana mishipa, na kutokana na hilo likaja jina serotonini. Ni mwaka 1953 ndipo Betty Twarog na Page walipoonyesha kwamba imo pia ndani ya ubongo.

Ndani ya ubongo seli zinazoitengeneza kutokana na triptofani ya chakula ni chache, zimekusanyika katika shina la ubongo kwenye viini vya rafe. Nyuzi zake, hata hivyo, zinakwenda kila mahali: juu hadi gamba la ubongo, chini hadi ncha ya uti wa mgongo. Inachokifanya serotonini mahali fulani hakitegemei serotonini yenyewe, bali kipokezi kinachoingoja pale. Kengele ya skuli ni moja, lakini darasa moja hutoka kwenda kucheza na jingine huanza mtihani.

Mwaka 1957 John Gaddum na Zuleika Picarelli, wakifanyia kazi vipande vya utumbo wa panya-buku, walionyesha kwamba vipokezi vya serotonini ni zaidi ya aina moja. Leo hutambuliwa familia saba zenye aina 14 hivi, zikiandikwa kwa alama ya 5-HT, kifupi cha jina la kikemia la serotonini, na nambari. Familia sita hufanya kazi kwa kuamsha protini ndani ya seli, na kwa hiyo huenda kwa mwendo wa taratibu kiasi. 5-HT3 peke yake ni mlango wa kupitisha chembe za chumvi (ioni) unaofunguka papo hapo. Tiba nyingi zimejengwa juu ya tofauti hizi. Ondansetroni hufunga 5-HT3 na kuzuia kutapika. Sumatriptani huamsha 5-HT1B na 5-HT1D na kutuliza kipandauso. Fenfluramini, dawa ya kupunguza unene, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo, na baadaye ikafahamika kuwa njia yake ilikuwa 5-HT2B.

Mtu akizijua familia hizi, mwili wa mgonjwa wetu unasomeka. Kuhara na kutapika kulitoka kwenye vipokezi vya utumbo na vya kituo cha kutapika katika shina la ubongo, hasa 5-HT3 na 5-HT4. Miguu inayopiga ilitokana na nyuzi za rafe zinazoshuka uti wa mgongo, ambako vipokezi vya familia ya 5-HT2 huzifanya neva za misuli ziwe nyepesi kuwaka. Joto na ukakamavu huhusishwa zaidi na 5-HT2A, na mahangaiko na kutetemeka kwa sehemu huhusishwa na 5-HT1A. Hii ndiyo sababu dawa ya mzio ya watoto iliingia katika tiba ya mtu mzima mwenye nyuzi 39: pamoja na kuzuia histamini, siproheptadini hukaa juu ya 5-HT2A na kuizuia serotonini isiishike. Ushahidi wake kwa binadamu umejengwa juu ya visa kama hiki zaidi kuliko majaribio makubwa, na kwa maoni yangu si sahihi kusema ndiyo iliyomwokoa. Kusimamisha dawa na kulegeza misuli kwa diazepamu ndiyo nguzo. Siproheptadini ilisaidia juu ya hapo.

Kwa nini tramadoli, na kwa nini haikutuliza maumivu

Sehemu hii ndiyo ninayotamani kila anayetoa dawa Pemba na Unguja aijue. Tramadoli ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Kama ilivyomezwa, huzuia neva zisirudishe serotonini ndani, sawa na kazi ya fluoksetini. Ili itulize maumivu vizuri, lazima ini liigeuze kuwa kitu kingine kinachoshika vipokezi vya afyuni, na kinachoigeuza ni kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Fluoksetini hukizuia kimeng'enya hicho kwa nguvu. Kwa hiyo mtu anayemeza fluoksetini akipewa tramadoli hupata sehemu ndogo ya faida na sehemu kubwa ya hatari: maumivu hayashuki, serotonini inapanda.

Mgonjwa wetu alijiongeza dozi kwa sababu dozi haikumfaa. Wengi wangemwona kama mtu aliyezoea vidonge. Kumbe kule kutosikia nafuu kulikuwa dalili ya kwanza ya kisa, siku tatu kabla ya jasho na kuhara, na kama swali lingeulizwa pale, yaliyofuata yasingetokea. Dekstrometofani nayo huzuia serotonini isirudishwe na huvunjwa na kimeng'enya hichohicho. Hata metoklopramidi ya asubuhi ile hupita njia hiyo, huamsha 5-HT4, na imewahi kuhusishwa na hali hii kwa watu wanaotumia dawa za sonona.

Kuna na muda. Fluoksetini ikiwa imemezwa kwa miezi hukaa mwilini siku nyingi, na mabaki yake yanayofanya kazi hukaa wiki. Visa vingi vya serotonini hutulia ndani ya saa 24 baada ya dawa kusimamishwa. Klonasi ya siku tatu kwa mtu huyu haikushangaza. Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa akisema “niliacha zile dawa wiki iliyopita”, tabibu bado amhesabu kuwa anazo.

Kilichofaa

Muuguzi aliona mguu unapiga na akasema. Katika wodi nyingi mambo kama haya huonwa na wauguzi kwanza, kwani wao ndio wanaoushika mwili wa mgonjwa. Pale yanapopotea, hupotea kwa sababu hakuna aliyewauliza. Mke aliulizwa faraghani, kwa maneno yaliyomwondolea haya kabla ya kumtaka siri. Na timu ilikubali kufikiri mambo mawili kwa pamoja, ikatibu serotonini bila kuipuuza homa ya uti wa mgongo.

Pethidini pia ilikwepwa. Ilipendekezwa siku ya pili kwa ajili ya mbavu, na ilikataliwa kwa sababu nayo hugusa serotonini. Mwaka 1984 huko New York msichana wa miaka 18, Libby Zion, aliyekuwa akitumia fenelzini kwa sonona, alichomwa pethidini hospitalini na akafariki dunia saa chache baadaye. Kisa chake ndicho kilichowafanya madaktari wengi waanze kuizingatia hatari hii.

Kilichokwama

Daftari mbili za mtu mmoja ndizo zilizoanzisha yote. Usiri wa mgonjwa si kosa lake. Anaishi mahali ambapo mtu akijulikana anakwenda kliniki ya akili, binti yake anaweza kukosa mchumba. Swali la “una maradhi gani?” haliwezi kuuvuka ukuta huo. Swali la “kuna kidonge unachomeza kila siku, cha aina yoyote?” lina nafasi kubwa zaidi, kwa sababu halimtaki mtu ajitaje kwa ugonjwa wake.

Hata dawa ya kwanza kabisa, diklofenaki, ilihitaji tahadhari ambayo haikupata nafasi. Chembe sahani za damu hazitengenezi serotonini. Huichukua kutoka kwenye damu kwa mlango uleule ambao fluoksetini huufunga, na zikiikosa damu haigandi vizuri. Ukiongeza diklofenaki, hatari ya kutokwa na damu tumboni hupanda. Mgonjwa huyu hakutokwa na damu.

Kufungwa mikono kituoni kulifanywa kwa huruma, ili asianguke, na kulimpandisha joto. Sindano ya tramadoli, iliyotolewa kwa mtu ambaye tayari ana jasho, kuhara na miguu inayoruka, ndiyo hatua iliyougeuza ugonjwa wa wastani kuwa wa hatari.

Upande wa mbele wa daftari lake la kawaida sasa umebandikwa karatasi isiyotaja kliniki wala ugonjwa. Imeandikwa dawa asizopewa: tramadoli, pethidini, dekstrometofani, linezolidi (dawa ya kuua bakteria), na metoklopramidi isipokuwa kwa ushauri wa daktari. Kodeini imo pia, si kwa sababu ya serotonini bali kwa sababu inategemea CYP2D6 kama tramadoli na haitamtuliza akiwa kwenye fluoksetini. Chini yake zimeandikwa zinazomfaa akiumia: parasetamoli, na mofini ikiwa maumivu ni makali, kwani mofini haiongezi serotonini kwa kiasi cha kutisha wala haikingoji kimeng'enya hicho ili ifanye kazi. Mke ana nakala ya pili, na muuzaji wa duka la dawa la karibu nao alionyeshwa karatasi hiyo na mgonjwa mwenyewe.